Begi la kukimbia nalo volkano ya Nyiragongo ikitapika: niweke nini?

Mama wa Majengo: Ndugu zangu, nyumbani hapa Goma tuko sita, mmoja mtoto mchanga. Naomba hesabu ya maji na vitu vya lazima.

Fundi Maji, Himbi: Mama, maji ndiyo mzigo mkubwa. Litri 3 kwa mtu kwa siku, siku tatu ni litri 54, hamwezi kuzibeba. Kila mtu mzima abebe bidoni ya litri 5, na muweke chupa ndogo ya javeli (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) isiyo na manukato. Ya asilimia 5: matone 2 kwa litri ya maji angavu, 4 yakiwa na tope, kisha ngojeni dakika 30. Javeli ikikaa muda mrefu inaisha nguvu, ibadilisheni. Maji ya ziwa bila dawa yanaleta kipindupindu.

Nesi wa Katindo: Naongeza jambo la hatari. Majivu yakianguka, maji ya mvua ya paani msinywe: yanaweza kubeba floridi, na kuyachemsha hakuiondoi, kunaikoleza. Funikeni tangi mapema. Barakoa ya N95 inazuia majivu, lakini haizuii mazuku, gesi inayotoka ardhini, hata kidogo. Ile ni kaboni dayoksidi, nzito kuliko hewa, inalala mabondeni. Mtoto mfupi ndiye anaivuta kwanza. Msilale mahali pa chini.

Kaka wa Birere: Mei 2021 lava ilitoka bila onyo, kwa hiyo begi likae mlangoni. Kadi za uchaguzi na vyeti ndani ya plastiki, tochi, noti ndogo. Watoto wengi walipotezana na wazazi: shoneni namba ya simu ndani ya nguo zao.

Mama wa Majengo: Asanteni sana. Namba nashona leo.