Nibadili bodi ya kamera au tatizo liko kwingine? Natumia Canon 700D

picha_za_moro
Wakuu habari zenu. Napiga picha za send-off, kitchen party na ubatizo hapa Morogoro, mwaka wa tatu sasa, natumia Canon 700D na lenzi ileile iliyokuja nayo ya 18-55. Mchana niko vizuri kabisa, nje kwenye jua kazi zangu hata mwenyewe nazikubali, ila usiku ukumbini ndo balaa, picha zimejaa chenga (vidoti vidoti), ngozi za watu zinakuwa kama zimepakwa matope na muziki ukianza kila anayecheza ametikisika. Juzi mama wa bi harusi kaniambia kwa upole tu, mwanangu mbona hizi kama za simu, imeniuma mpaka leo. Nimejichanga nina mil 2 na kitu, kuna jamaa anauza 6D Mark II iliyotumika, bodi tupu bila lenzi. Nikichukua picha zitabadilika kweli? Naogopa kumaliza hela nikabaki palepale.

mzee_wa_shata
Mdogo wangu usitoe hela kwanza. Fungua picha moja mbaya ya juzi uangalie taarifa zake, aparcha (tundu la lenzi, namba ya f), shata (muda wa kupiga, sehemu ya sekunde) na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) vilikuwa ngapi, na flashi ulitumia ipi?

picha_za_moro
Nyingi ni f/5.6, 1/30, ISO 6400. Flashi ni ile ndogo ya kwenye kamera, mara nyingi naizima maana inawang'arisha watu nyuso na nyuma kunakuwa giza.

mzee_wa_shata
Basi hapo umejijibu. 1/30 mtu anacheza lazima atikisike, hata uwe na bodi mpya ya bei gani, shata haijui umenunua nini. Ile 18-55 ukizoom mpaka mwisho inaishia f/5.6, ni tundu dogo sana kwa ukumbi. Chukua 50mm f/1.8 STM, ukiifungua f/2 (namba ndogo ndo tundu kubwa) umepata mwanga mara 8, yaani ukumbi uleule unapiga 1/125 kwa ISO 3200, mtu hatikisiki na chenga zimepungua. Sensa kubwa ya 6D, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ina faida yake sibishi, eneo lake ni kama mara 2 na nusu ya hiyo yako, ila linganisha mwenyewe, mara 2 na nusu kwa mil 2 au mara 8 kwa moja ya lenzi za bei ndogo kabisa za Canon. Halafu huyo jamaa amekwambia kwamba 18-55 yako ni EF-S, aina ya kamera za sensa ndogo, haiingii kabisa kwenye 6D? Utabaki na bodi huna cha kuvalisha.

dada_wa_lenzi
Kaka yangu hapo juu kasema kweli ila mimi sitaki tuseme bodi haisaidii, kwangu ilisaidia sana. Nilitoka kwenye 700D hiyohiyo, lenzi nzuri nilikuwa nazo na flashi ninayo, tatizo likawa fokasi. Ina pointi 9 tu, bi harusi akiingia anatembea kwenye giza kamera inahangaika mbele nyuma, ikishika ameshapita. Nilipohamia 5D Mark III nikapata pointi 61, na ina sehemu mbili za kadi, kila picha inajiandika mara mbili, mimi niliwahi kupoteza ubatizo mzima wa mtoto wa watu kwa kadi kufa na hilo sitaki linirudie. Kwa hiyo nilikuwa najua kabisa nanunua nini. Wewe bado hujafika hapo mdogo wangu, anza na lenzi, kisha flashi ya kichwa kinachozunguka uigonge kwenye dari nyeupe, yaani mwanga upige dari ndo urudi kwa watu. Ila angalia mapambo, ukumbi ukiwa na vitambaa vya zambarau juu, bi harusi anatoka zambarau.

Na jambo jingine, unawapaje picha? Kama ni WhatsApp ya kawaida inazifinya, hata ingekuwa kamera ya mil 10 mama ataona za simu. Tuma kama dokumenti.

picha_za_moro
Dada hilo la WhatsApp umenigusa, ndivyo nilivyomtumia yule mama!!

picha_za_moro
Wakuu nimerudi. Nimeazima 50mm kwa rafiki, jana nikaenda nayo kitchen party, ukumbi uleule wa juzi. Kuna moja ya shangazi anacheza kanga mkononi, f/2, 1/125, ISO 3200, hajatikisika kabisa na jasho la kwenye paji linaonekana, nimeiangalia zaidi ya mara 20. Chenga zipo lakini za kuvumilika, nilipiga RAW (faili ghafi la kamera) nikazisafisha kidogo. Shida niliyoiona ni mbili, picha za kundi sikuweza maana nafasi ya kurudi nyuma hamna, na f/1.8 nimekosa nyingi, jicho moja liko kwenye fokasi na lingine halipo.

mzee_wa_shata
Hongera sana. Kwa sensa ndogo ya 700D hiyo 50 inabana kama 80 kwa hiyo kundi halitoshi, makundi rudi kwenye 18-55 na flashi ya kugonga darini, f/5.6 hapo ndo mahali pake. Watu wawili kaa f/2.8.

picha_za_moro
Sawa mkuu. Jamaa wa 6D nimemwambia asinisubiri. Kesho naenda kuulizia flashi.