Mjamzito na chai ya rangi, mwisho vikombe vingapi?

Mama Kijacho: Wapendwa nina mimba ya miezi minne, chai ya rangi siwezi kuacha, asubuhi nisipokunywa kichwa kinauma mpaka saa nne, mamkwe anasema namdhuru mtoto, kweli jamani?

Dada Mkubwa: Pole mwaya. Kafeini, ile kitu ya kuchangamsha iliyomo kwenye chai, inamfikia mtoto na yeye hawezi kuitoa haraka, ndo maana WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema anayezidisha miligramu 300 kwa siku apunguze, madaktari wengi wanataka chini ya 200. Kikombe cha chai ni kama 50 hivi, viwili havina shida ila hesabu na kola, na zile enaji achana nazo kabisa.

Mama Mapacha: Mi nilikuwa nashushia vidonge vya damu na chai, damu ikagoma kupanda, nesi akanambia chai inazuia madini ya chuma. Pishanisha masaa mawili.

Mama Kijacho: Mungu wangu, nami nashushia na chai! Kesho maji tu. Asanteni sana.