Gari ya spoti: ndani mnaangalia nini, skrini, batani ama viti?

Jamo_Syoki

Wasee habari zenu. Nataka kuagiza gari Japani mwaka huu na roho imekataa kabisa hizi za kubeba familia, nataka ya spoti, si zile za bei ya nyumba, ni kitu kama Toyota 86 ama Mazda Roadster ama Golf GTI, bora isipite ile miaka 8 tunaruhusiwa kuingiza. Mambo ya injini nimesoma mpaka nimechoka, nguvu najua, mafuta najua, spea najua. Kitu watu hawaongei ni ndani. Na mimi ndani ndio nitaishi jameni, asubuhi niko Mombasa Road kati ya malori nikienda Upper Hill, jioni hivyo hivyo.

Juzi nimepitia yadi fulani, jamaa akaniingiza kwa GTI, skrini kubwa inang'aa, mataa mekundu kwa milango, redio haina kinobu hata kimoja, akaniambia hii ndio kisasa. Kando yake kulikuwa na 86, dashibodi imelala flati kama meza, vinobu vitatu vya eisi, redio imejaa Kijapani, lakini nilipokaa chini kabisa nikashika ile gia fupi na mguu ukapata klachi, maze sikutaka kutoka. Sasa wale mko nazo, si wale wa kuziona YouTube, ni vitu gani za ndani unashukuru uko nazo kila siku na ni gani ni za kupigia picha tu? Pesa ya kubadilisha vitu gari ikishafika sitakuwa nayo.

MzeeWaSafari

Kijana mkono wako ulishakujibu hapo kwa gia. Mimi ni wa enzi za Datsun, Safari Rally ikizunguka nchi nzima, na nakwambia kitu unachokihitaji gari ikiwa kwa mwendo lazima ukipate bila kukitazama. Si uzee unaongea. Mwaka 2022 gazeti la magari la Uswidi, Vi Bilägare, walipeleka magari kwa kiwanja cha ndege, mwendo 110, dereva akapewa kazi ndogo ndogo, ongeza joto, tafuta stesheni ya redio, punguza mwanga wa dashibodi. Volvo V70 ya 2005, batani tupu, ilimaliza kwa sekunde 10. MG Marvel R ya umeme, skrini juu ya skrini, karibu sekunde 45, na gari ilikuwa imeshakula zaidi ya kilomita moja na robo. Hebu weka hiyo Thika Road uone.

Na wenyewe wanaounda wameanza kurudi walikotoka. Volkswagen kwa Golf 8, ile ya kizazi cha nane, waliweka vya kugusa hadi kwa usukani, na pale pa kutelezesha kidole upandishe sauti hapakuwa hata na taa ya usiku. 2024 wakarudisha batani za kubonyeza kwa usukani na pale pengine wakatia taa. Ferrari vilevile, mpaka cha kuwasha injini kilikuwa cha kugusa, sasa Amalfi ya 2025 kimerudi cha kubonyeza. Euro NCAP nao, wale wa kupima usalama wa magari Ulaya, kuanzia 2026 ukitaka nyota 5 indiketa, hazadi, waipa, honi na ile ya kuita msaada lazima ziwe na batani ama mkono wake.

Kinachoniuma mimi ni Porsche 911. Ile saa ya mizunguko ya injini, mshale halisi, ile ya 2018 waliibakisha peke yake katikati ya skrini, basi 2024 wakaitoa hiyo pia, sasa unaangalia picha ya mshale. Sina pesa ya 911 na sitawahi kuwa nayo lakini bado inaniuma.

Walionifurahisha ni Toyota na kigari chao cha spoti, GR Yaris. 2024 walisikiliza madereva wao wa mashindano, wakashusha dashibodi milimita 50, kiti milimita 25, na ile sehemu yote ya batani na skrini wakaigeuza digrii 15 imwangalie dereva. Hao ni watu wanaojua kuendesha, Safari Rally ya Naivasha kutoka 2021 hadi 2025 hawakuachia mtu.

Kevo_turbo

Mzee heshima zako lakini hiyo ya Uswidi ni watu wamepewa gari hawajaizoea, mpe mwenyewe wiki mbili uone. Niko na GTI, hiyo hiyo ya skrini kubwa isiyo na kinobu, na volyumu naongeza kwa usukani na kidole gumba, sijui kinobu ningekitumia lini. Ramani kubwa inanionyesha Mombasa Road imefunga kabla nifike Bellevue, kamera ya nyuma naiona vizuri hata usiku, hizo ndio vitu unatumia kila siku, si kuvuta handibreki ukijifanya uko kwa rali.

Na Jamo umesema jam. Basi chuja hivi, GTI iko na breki ya batani na ile ya kushikilia gari yenyewe ukisimama, uko kwa mlima wa Museum Hill, matatu imekubandika nyuma sentimita kumi, unatoa mguu na gari haisongi. Na 86 ya manyuali hapo utakuwa unacheza na klachi mpaka goti liombe likizo. Weekendi nawekea gia kwa vipadeli, vile vya vidole nyuma ya usukani, na furaha napata.

Kitu nakubaliana na wazee ni sauti ya uongo. BMW kwa M5 ya 2011 walipitisha sauti ya injini kwa spika, wewe fikiria injini ya V8. GTI zetu za Golf 7 pia ziko na kidude kinaitwa Soundaktor, kimefungwa chini ya kioo cha mbele, kinatetemesha hapo ndio usikie mngurumo. Yangu nilichomoa. 86 angalau iko na paipu ya mpira inaleta sauti kutoka kwa njia ya hewa ya injini, hiyo ni sauti yake kweli.

MzeeWaSafari

Kevo, madereva walipewa muda wa kuzoea magari kabla ya kupimwa. Soma vizuri kijana wangu.

Fundi_wa_Viti

Naona mnaongea skrini skrini na kitu kinachogusa mwili wako wote ni kiti. Mimi nashona viti, hizi gari za spoti zinakuja kwangu sana, wacha nikwambie Jamo cha kuangalia.

Kwanza ule mnofu wa kiti upande wa kulia wa dereva, ule ulioinuka kukushika ukikata kona. Gari ni ya chini, kila mtu akiingia anaukalia kwanza ndio ateleze ndani, akitoka anaukalia tena. Ukipata hapo pamekunjamana, rangi imetoka, ukibonyeza hairudi, na saa ya kilomita inasema elfu thelathini, hiyo saa imechezewa ama gari ilikuwa ya mtu wa kuingia na kutoka kutwa nzima. Angalia pia usukani pale mikono inashika na kichwa cha gia. Kwa karatasi ya mnada wa Japani kuna herufi ya kupima hali ya ndani, A, B, C, hivyo, usiangalie namba ya hali ya nje peke yake kama watu wengi.

Pili, Alcantara, ile ya manyoya mafupi wanavalisha viti na usukani. Watu wanadhani ni ngozi, si ngozi, ni kitambaa cha kiwandani na ni kizuri sana, hakitelezi, hakichomi mapaja jua likiwaka kama ngozi nyeusi. Lakini kwa usukani hapa Nairobi sikushauri. Vumbi, jasho, mafuta ya mkono, chipsi za njiani, baada ya muda zile nywele zinalala zinakuwa zinang'aa na kufanya vijipunje. Kitambaa chenye unyevu kidogo na brashi laini, basi, na mara kwa mara. Wale wa kuosha gari ukiwaachia watapaka ile mafuta ya dashibodi na hapo imeenda.

Halafu tafadhali usininunulie kava za siti za duka. Mfuko wa hewa wa pembeni unatokea kwa mshono wa kiti, ukivalisha kava ngumu juu yake siku ya shida utatokea wapi? Na kiti cha spoti ukikivalisha kava umeua ile kazi yote ya kukushika.

Kitambaa kizuri zaidi kwangu ni ile cheki ya GTI. Haina makuu, inapumua.

Wanja_Roadster

Mimi niko na Roadster, ile ya sasa iliyotoka 2015, na naitumia kila siku, sina nyingine, kwa hivyo sikilizeni.

Jamo, hakuna mahali pa kuweka kitu. Mbele ya abiria hakuna ile droo, iko nyuma katikati ya viti, unajikunja mkono kama unajikuna mgongo ndio utoe leseni, na askari yuko hapo amechuchumaa kukuona maana gari iko chini. Vikombe pia viko huko nyuma kwa kiwiko. Handibegi yangu inakaa kiti cha abiria, abiria akiwepo anaibeba yeye.

Lakini skrini ya Mazda ndio waliifikiria. Gari ikianza kutembea haikubali kuguswa, inakataa, kuna kinobu cha kuzungusha hapo karibu na gia na mkono unakipata wenyewe, nikitaka wimbo mwingine siangalii. Eisi ni vinobu vya kuzungusha, klik klik, unajua umeongeza mangapi. Mzee hapo tuko pamoja. Na zingine ziko na spika ndani ya kichwa cha kiti, paa likiwa wazi kwa Southern Bypass bado unasikia mtu kwa simu.

Kitu yadi hawatakwambia, usukani wa Roadster za mwanzo unapanda na kushuka tu, hauji kwako. Wa kusonga mbele na nyuma umeanza kwa marekebisho ya 2018. Kama wewe ni mrefu tafuta hizo, la sivyo utaendesha magoti yakiwa juu na mikono imenyooka.

Na redio ya Kijapani jiandae. Inaishia 90, mpya mpya 95, kwa hivyo stesheni kama Classic 105 hutaisikia bila kufungiwa kifaa cha kubadilisha masafa. Ramani ni ya Japani, itakuonyesha uko katikati ya bahari. Halafu kuna yule mama wa ETC, kile kidude cha kulipia barabara za huko, kila asubuhi ukiwasha gari anakuambia kwa Kijapani, kwa heshima zote, kwamba hujaingiza kadi. Nilimzoea. Mtoto wa dadangu anamjibu.

Jamo_Syoki

Wanja umenimaliza na huyo mama haha. Mimi ni futi sita na kidogo, je Roadster nisahau? Na Fundi, kuna msee ananiambia ninunue 86 ya viti vya kawaida halafu nifungiwe vile vya baketi, vya magari ya mashindano, na usukani mdogo, ati inatoka bei rahisi.

Fundi_wa_Viti

Usukani wa kuzaliwa ukiutoa umetoa mfuko wa hewa wa mbele, kiti ukikitoa umetoa wa pembeni, na taa ya onyo inawaka kwa dashibodi mpaka mtu aidanganye na rizista, kile kidude cha umeme, idhani mfuko bado uko. Baketi ni ya kule uwanja wa magari wa Whistling Morans siku ya mashindano, mgongo haulali, matuta ya Syokimau yatakufikia moja kwa moja kiunoni. Nunua iliyo na viti vyake vizuri. Wateja wa baketi huwa wanarudi kwangu kunirudishia vile vya zamani na mara nyingi walishaviuza.

Kevo_turbo

Futi sita? GTI. Nimemaliza.

Wanja_Roadster

Usisahau bila kukaa ndani. Shemeji yangu ni wa urefu huo, anaingia, ila paa likifungwa nywele zinagusa na anaendesha na viatu vyembamba kwa sababu nafasi ya pedeli ni ndogo. Jumamosi huwa niko Lang'ata, njoo ujaribu kiti, na ujaribu kutoa kitu kwa hiyo droo ya nyuma ukiwa umefunga mkanda. Kuja na viatu visafi.