Arusha hadi Moshi naenda peke yangu kwa baiskeli, je niingie mbio za klabu?

Wakuu, nina miaka 34, fundi seremala. Kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi natoka Arusha mjini, Moshi nafika kama kilomita 80 bila kushuka kwenye baiskeli. Nikadhani niko vizuri. Juzi nikaungana na jamaa wa klabu. Kabla ya Usa River walikaza mara tatu; ya tatu nikabaki naangalia migongo yao ikipotea. Wananialika kwenye mbio zao. Niende au nijipange kwanza?

Jibu:
Pumzi unayo, hujazoea kushtuliwa. Peke yako unakwenda mwendo mmoja. Kwenye mbio wanakaza ghafla, wanapoa, wanakaza tena. Jumatano tafuta kipande kitupu: kaza dakika moja, legeza mbili, mara nane. Halafu jifunze kujificha nyuma ya mwenzako. Pale njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, upepo wa ubavuni utakumaliza ukibaki peke yako.

Jibu:
Nenda, ila usikodolee tairi la aliye mbele yako, tazama mabega yake. Mimi niligusa tairi la mwenzangu mbio yangu ya kwanza kabisa, kiwiko kikashonwa nyuzi sita. Bibi harusi wangu mtarajiwa alicheka kwanza, pole ikaja baadaye.

Muulizaji:
Asanteni. Baiskeli yangu ni ya mtumba, gia zinabadilishiwa kwenye fremu. Si watanicheka?

Jibu:
Watacheka hadi mlimani. Badilisha breki na matairi, fremu iache.