Zabuni ya barabara za mitaa: nikubali kutia bei ya kusindikiza?

Mjenzi wa Fuoni ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina kampuni ndogo ya ujenzi hapa Unguja: mitaro, kalvati, matofali ya njia. Sasa imetoka zabuni ya barabara za ndani ya mji, njia fupi za lami zenye mitaro pembeni. Nyaraka nimeisoma yote na mambo mawili yamenikaa rohoni.

Sharti moja linataka mwombaji awe anamiliki mwenyewe mtambo wa kuchanganyia lami. Kwa vichochoro ambavyo gari ya taka ikiingia, nyengine inangojea nje! Wengi wetu lami tunanunua kwa mwenye mtambo, inaletwa na malori ikiwa bado moto. Sharti hili likibaki, wadogo wote tumeshatolewa kabla hata bahasha hazijafunguliwa.

La pili ndilo linaloniumiza khasa. Mkandarasi mwenzangu, mkubwa kuliko mimi, kanipigia simu. Kasema: “Wewe tia zabuni, ila bei yako iwe juu ya yangu. Mie nikipata, mitaro yote nakupa.” Ati kila mtu atakula na hakuna atakayedhulumiwa. Vijana wangu hawana kazi tangu masika, na mitaro ile ingewalisha miezi. Lakini nafsi inakataa. Nambieni wenye ujuzi: hii ni biashara au dhulma? Na lile sharti nalipeleka wapi?

Mkadiriaji, Chake Chake:

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi ni mkadiriaji majenzi mstaafu, nimekaa kwenye meza za tathmini Unguja na Pemba. Nianze na simu.

Usikubali. Chukua mfano: kazi inastahiki milioni 400. Yeye anatia 520, wewe unatia 560, mwengine 590. Kamati inafungua bahasha, inaona waombaji watatu, inampa wa 520 kwa kuwa ndiye wa chini, na kila kitu kwenye karatasi ni safi. Milioni 120 zimetoka kwa wananchi na hakuna aliyevunja kufuli. Baraza lenye fungu lile lile sasa linajenga njia chache, na mtaa uliokosa hautajua kwa nini umekosa. Hao ndio waliodhulumiwa, na wewe utakuwa umetia saini.

Afrika ya Kusini walizoea hivyo hivyo. Mwaka 2013 kampuni 15 za ujenzi zilikubali kutozwa faini ya jumla ya randi bilioni 1.46 kwa kupangiana zabuni, zikiwemo za viwanja vya Kombe la Dunia la 2010. Kulikuwa na bei za kusindikiza kama hiyo unayoombwa, na aliyekubali kushindwa alilipwa kifuta jasho. Mitaro yako ndiyo kifuta jasho hicho. Na Montreal, Canada, tume ya Jaji France Charbonneau, iliyoundwa 2011, ilionesha makandarasi walivyogawana kazi za barabara na mabomba ya maji machafu, huku wahandisi wa jiji wakipokea chao. Meya akajiuzulu 2012.

Juu ya sharti: usingoje kushindwa ndipo ulalamike. Andika leo kwa taasisi yenye zabuni kuomba ufafanuzi, kabla muda uliotajwa ndani ya nyaraka haujapita. Usiandike kwamba mnaonewa. Andika neno la kubadilishwa: “anamiliki mtambo, au ana mkataba wa kukodi mtambo au kununua lami.” Jibu lolote watakalotoa lazima wapewe waombaji wote, si wewe peke yako. Na tumia sheria ya ununuzi ya huku Zanzibar, Namba 11 ya 2016. Ununuzi wa umma si jambo la Muungano, vifungu vya Bara havitakusaidia.

Mhandisi kijana:

Shikamoo mzee. Nakubali juu ya simu, na mimi naongeza kwamba ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, wapo kwa mambo kama hayo. Ila masharti magumu yana sababu. Nimesimamia kazi aliyopewa wa bei ya chini kabisa, akachimba, akachukua malipo ya awali, akapotea. Njia ikakaa shimo msimu mzima wa mvua. Tukilegeza kila kitu, anayeumia ni mwananchi.

Mkadiriaji, Chake Chake:

Marahaba. Hujakosea, lakini dawa yake ni dhamana ya utekelezaji na dhamana ya malipo ya awali, yaani mdhamini kama benki alipe mkandarasi akikimbia, na kuzichambua bei moja moja badala ya kuangalia jumla tu. Anayetaka kukimbia utamjua: kazi za mwanzo, kusafisha na kuchimba, kazipandisha bei juu, lami na mitaro kaziteremsha. Anakusanya faida mapema, ya mwisho hayamhusu. Kumiliki mtambo hakumzuii mtu kama huyo.

Mama wa Jang'ombe:

Mie si mjenzi. Nachotaka bei ya mkataba iandikwe kwenye bango la mradi pale pale mtaani, pamoja na urefu wa njia. Tukijua zimelipwa mita ngapi, tutazipima wenyewe.

Mjenzi wa Fuoni:

Ahsanteni sana. Mzee, barua nimeandika kwa maneno yako na kesho asubuhi naipeleka kwa mkono, nigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Yule mwenzangu nimemjibu kuwa bei yangu nitaipiga mwenyewe na hataijua mpaka siku ya kufungua. Kakasirika, kakata simu.

Sharti lisipobadilishwa, nafikiria ubia. Mwenye uzoefu wa kumwaga lami, na awe hajaingia kwenye mpango wa yule bwana, aniandikie faragha wiki hii.