Mashindano ya farasi ya masafa marefu: anayetoka Dar es Salaam aanzie wapi?

Mchanga wa Kigamboni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimepanda farasi kwa miaka sita, mara nyingi katika ufuko wa Kigamboni, alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ungali mgumu. Farasi si wangu, namkodi. Nimeweka akiba inayotosha safari moja, na mwakani nataka kushiriki mashindano yangu ya kwanza ya masafa marefu.

Nimebakiza machaguo manne. La kwanza ni Mongol Derby, inayofanyika tangu mwaka 2009, kilomita 1,000 katika nyika za Mongolia, ambako mpandaji hubadilisha farasi takriban kila kilomita 40 kwa kufuata mfano wa vituo vya matarishi wa enzi za Genghis Khan. La pili ni Tevis Cup ya California, iliyoanza mwaka 1955, ya maili 100, yaani kilomita 160, kwa farasi mmoja ndani ya saa 24. La tatu ni Fauresmith, katika jimbo la Free State huko Afrika Kusini, ambako watu hupanda siku tatu mfululizo na kupita kilomita 200. La nne ni mashindano madogo ya kilomita 40 au 80, hukohuko Afrika Kusini au Namibia, kwa farasi wa kukodi. Moyo wangu uko Mongolia. Naomba mnilinganishie.

Mkongwe wa Pugu

Binti yangu, karibu. Nimemaliza kilomita 80 mara tatu na mara moja nimetolewa njiani. Nakusihi usiyalinganishe mashindano haya kwa urefu wa njia. Yalinganishe kwa kile kinachotokea kwenye kituo cha ukaguzi, pale njiani ambapo daktari wa mifugo humpima farasi, maana hapo ndipo ulipo mchezo wenyewe.

Unafika, muda wako unaandikwa, unashuka, unalegeza mkanda wa tandiko, wasaidizi wanammwagia farasi maji shingoni na kuyakwangua yakishapata joto, na wakati wote huo saa inakwenda, hadi utakapomkabidhi kwa daktari akiwa na mapigo ya moyo yasiyozidi 64 kwa dakika, ambacho ndicho kiwango cha kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI. Daktari anaweka chombo cha kusikilizia moyo nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto na kuhesabu. Kisha anabonyeza ufizi na kutazama wekundu unavyorudi, anavuta ngozi ya shingo aone kama inarejea upesi au inabaki imesimama, anasikiliza tumbo, na mwisho farasi anaongozwa kwa mkono kwa mwendo wa matiti, yaani ule wa kati usio wa kutembea wala wa shoti, aende na kurudi ili ionekane kama anachechemea. Hata aliyewatangulia wote kuvuka mstari wa kumalizia, farasi wake akishindwa ukaguzi wa mwisho, hana nafasi yoyote katika matokeo.

Ukiyapima hivyo, Mongolia inakupima wewe zaidi kuliko inavyompima farasi wako, kwa sababu baada ya kilomita 40 unamwacha na kupewa mwingine. Tevis inawapima nyote wawili kwa ukali mkubwa: mabonde yenye joto, miteremko, na saa nyingi za kupanda gizani, ndiyo maana tarehe yake hutafutwa karibu na mbalamwezi. Takriban nusu tu ya wanaoanza humaliza, na anayemaliza hupewa bizimu ya fedha. Fauresmith ina ugumu wa namna nyingine, kwani farasi yuleyule lazima aamke siku ya pili na ya tatu akiwa mzima, katika baridi ya Julai ya nyanda za juu. Hayo mawili si mahali pa mgeni.

Mwana wa Nyika

Mzee Mkongwe, shikamoo. Naheshimu maneno yako, lakini naona umeipunguzia Mongolia haki yake. Huko nako kuna madaktari wa mifugo katika vituo, na mpandaji ambaye mapigo ya farasi wake hayateremki kwa wakati huadhibiwa kwa kusimamishwa saa mbili. Mpandaji anakutana na farasi wapya zaidi ya ishirini asiowajua, anatafuta njia mwenyewe, na mzigo wake hauzidi kilo 5. Kumsoma mnyama mgeni ndani ya dakika tano ni elimu ambayo kilomita 40 za Afrika Kusini hazitoi. Kinachonisumbua ni ada peke yake, kwani inazidi dola 10,000.

Tena nina wazo jingine kwa dada yetu: kwa fedha hizo, kwa nini asinunue farasi wake kule Arusha, akamfunza na kusafiri naye?

Daktari wa Mbezi

Mimi ni daktari wa mifugo, na hilo la kusafiri na farasi naomba tulisimamishe hapa. Afrika kusini mwa Sahara ina ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, na pundamilia huubeba bila kuonekana wagonjwa, hivyo nchi nyingi zinaogopa farasi wanaotoka kwetu. Marekani humweka farasi anayetoka nchi yenye ugonjwa huo karantini ya siku 60. Akifika huko amenenepa na misuli imelegea, mazoezi yake yote yamepotea. Kodi farasi wa hukohuko.

Niongeze jambo ambalo wapandaji wa hapa pwani hulidharau. Katika joto, farasi anayefanya kazi anaweza kupoteza jasho la lita 10 hadi 15 kwa saa, na jasho lake lina chumvi nyingi kuliko damu yake. Kwa kuwa chumvi inatoka pamoja na maji, mwili hauhisi kiu inavyostahili, na mnyama aliyekauka anaweza kufikishwa kwenye ndoo akageuza kichwa. Ndiyo maana wasaidizi humpa chumvichumvi njiani, kidogo kidogo, baada ya kuwa amekunywa. Dar es Salaam ya Februari ina unyevu unaolizuia jasho kukauka, basi joto linabaki mwilini hata kama farasi ameloa chepechepe.

Bibi Tandiko

Mwanangu, kabla ya kupanda, nenda ukawe msaidizi wa mtu mwingine katika mashindano mazima, ubebe ndoo. Mimi sikufanya hivyo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kilomita 80, na kwenye kilomita ya 62 nikahisi kichwa cha farasi kinainuka kidogo kila mguu wa mbele wa kulia unapogusa chini. Nilijiambia ni mawe. Nikaenda naye kilomita nane zaidi hadi kituoni, na daktari alipomwona akitembea tu, kabla hata ya kumkimbiza, alinitazama bila kusema neno. Yule farasi alipumzishwa miezi mitano, hakuwa wangu, na mwenye farasi alinishukuru kwa kumrudisha, jambo lililoniuma kuliko angenigombeza. Ningekuwa nimesimama kituoni mara moja kama msaidizi, ningekitambua kile kichwa ndani ya hatua kumi.

Kwa hiyo chaguo la nne, na kilomita 40, si 80.

Mchanga wa Kigamboni

Shikamooni wazazi wangu, na asante ndugu Mwana wa Nyika. Bibi, habari ya kile kichwa imenikalia rohoni tangu jana usiku. Nimeamua: nitaomba kuwa msaidizi kwanza, kisha nipande kilomita 40 kwa farasi wa kukodi, na Mongolia isubiri. Leo alfajiri niliazima chombo cha kusikilizia moyo, nikashuka baada ya saa moja na nusu ya kupanda, nikapata mapigo 72, na baada ya dakika kumi kivulini yakawa 52. Je, kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne kunatosha?

Daktari wa Mbezi

Kwa mazoezi kunatosha. Siku ya mashindano hesabu dakika nzima, kwa sababu pigo moja ulilokosea katika sekunde 15 linakuwa manne, na tofauti ya 64 na 68 ni kutolewa.