Kabla ya kuagiza mti ukatwe kwenye kiwanja chako Dar

Ndugu zangu mlioko Uingereza na kwingineko,

Kila masika inapokaribia, sisi tunaowasimamia viwanja hapa Dar es Salaam tunaletewa agizo lile lile: mtafute mtu aukate ule mti, usije ukaangukia nyumba. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei hulainisha udongo wa kichanga wa Mikocheni na Mbezi, na mti mkubwa wenye mizizi ya juu juu unaweza kweli kulala. Ninachowaomba ni kwamba agizo hilo lisitolewe kabla mti haujakaguliwa na kibali cha maandishi hakijapatikana kwa jina la mmiliki.

Wengi huamini kwamba mwenye hati ana uhuru wa kufanya lolote ndani ya ukuta wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kama mdhamini wa wananchi, hivyo hati tuliyo nayo ni haki ya kuitumia ardhi kwa muda na kwa masharti. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka halmashauri ziwe na maofisa mazingira, na halmashauri hizo zina sheria ndogo zake. Huko Uingereza, mti ulio katika eneo la hifadhi la mji, wenye shina la kipenyo kinachozidi milimita 75 kwenye kimo cha mita 1.5, haukatwi wala haupogolewi kabla halmashauri haijapewa taarifa ya wiki 6. Tunawasihi mtupe na sisi muda wa kufuata utaratibu.

Msimamizi aanzie ofisi ya serikali ya mtaa, akiwa na nakala ya hati, kitambulisho chake na barua yenu iliyosainiwa inayomruhusu kushughulikia jambo hilo. Kutoka hapo aelekezwe manispaa inayohusika, iwe Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni, au Halmashauri ya Jiji kwa eneo lililokuwa Ilala, ili afisa aje kuuona mti wenyewe. Matawi yaliyogusa nyaya za umeme yasiguswe na fundi yeyote wa mtaani. Hayo ni ya TANESCO.

Mtaani kwetu mti wa mkungu ulikatwa Jumapili asubuhi na vijana wawili wenye msumeno wa mashine na kamba moja. Walilikata tawi kubwa kabla ya kulifunga, likaangukia ukuta wa jirani na kubomoa safu mbili za juu za matofali pamoja na bomba la tangi la maji. Jirani alipoomba kuona kibali, hakikuwapo. Mwenye kiwanja yuko ng'ambo, hapokei simu, na aliyeitwa kwa mtendaji kujieleza ni mpwa wake, kijana ambaye hata mapatano na mafundi hakuyajua. Jambo hilo liliniuma sana, kwa kuwa mtoto wa watu alibebeshwa mzigo usio wake.

Kwa maoni yangu, mara nyingi kukata mti wote si lazima. Mwembe na mwarobaini huvumilia kupogolewa, na matawi mazito yanayoelea juu ya paa yakiondolewa kwa utaratibu, hatari hupungua sana huku kivuli cha Januari na Februari kikibaki kwenu na kwa majirani. Ukuta ukiwa na ufa, mwambieni fundi achimbe kwanza pembeni ya msingi aone kama kweli ni mzizi, maana huenda msingi wenyewe ulichimbwa kwa kina kifupi.

Ikibidi ukatwe, andikianeni na fundi ni nani atalipa kitakachoharibika na magogo yatakuwa ya nani. Kama yatatoka mtaani kwa gari, ulizeni kwanza Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuhusu hati ya kuyasafirisha, ili msimamizi wenu asije akazuiwa njiani.